Maji Yenye Harufu ya Dawa: Yanafanya Nini Mwilini?



Hivi karibuni nilitembelea darasa la kisomo katika kijiji kimoja cha Wilaya ya Kisarawe. Tulipomaliza kusoma, mwanakisomo mmoja, bibi mwenye wajukuu, aliinua mkono akaniuliza hivi: "Mwalimu, haya maji ya bomba yananuka dawa. Mjukuu wangu anayakataa kabisa. Mimi mwenyewe nikiyanywa nasikia kama nimelamba sarafu. Sasa hiyo dawa ikishaingia tumboni inakwenda wapi? Inafanya kazi gani humo?"

Hilo ni swali zuri kuliko mengi ninayoulizwa. Wengi huuliza tu kama dawa ya maji ni mbaya au si mbaya, na hutaka jibu la neno moja. Bibi yule alitaka kujua inakwenda wapi. Somo la leo ni jibu lake. Lakini nitaanza na kosa langu mwenyewe, kwa sababu wapo wasomaji wanaolijua, na nisipolisema mimi watalisema wao.

KIJIKO CHANGU

Mwaka 2016 nilikuwa bado mgeni katika kazi hii. Kipindupindu kilichoanza Dar es Salaam mwezi Agosti 2015 kilikuwa kimeenea katika mikoa mingi ya nchi, na kila mkutano ulizungumza habari za kutibu maji. Darasa letu lilikuwa chini ya mwembe, na lilikuwa na pipa moja la lita 200. Maji tulichota kwenye dimbwi la bondeni. Nikapata kopo la unga wa klorini. Mimi ni mwalimu, nimepita chuo cha ualimu, nimesoma sayansi kidogo. Basi nikajiona najua. Nikachota kijiko kimoja cha chakula, nikamwaga ndani ya pipa, nikakoroga. Maandishi ya kwenye kopo sikuyasoma. Hebu fikiri: mwalimu anayefundisha watu kusoma, na yeye mwenyewe hasomi!

Wanakisomo walipokunywa, midomo iliwawasha na koo likawachoma. Wawili walitapika. Wengine waliwahi kutema. Namshukuru Mungu hakuna aliyelazwa. Lakini tangu siku ile hakuna mtu aliyeligusa tena pipa lile. Watu walirudi kwenye maji ya dimbwi kama yalivyo, na neno likazunguka kijijini kwamba mwalimu ametia dawa ya kuzuia uzazi.

Haikupita muda mrefu mtoto wa mwanakisomo mmoja akashikwa na kuhara. Alipakiwa kwenye pikipiki usiku hadi zahanati, akatundikiwa maji. Alipona. Mama yake aliponiona hakunigombeza. Aliniambia tu, "Mwalimu, maji ya pipa tungeyanywa. Ila tulikuogopa."

Maneno hayo bado ninayo. Tuanze somo.

KWANZA, MAJI YENYEWE

Mwili wa mtu mzima, ukiupima kwa uzito, sehemu kubwa yake ni maji: kama asilimia 60. Mtu mwenye kilo 60 amebeba maji kiasi cha lita 36. Hayo ni karibu madumu mawili ya lita 20, na anatembea nayo bila kuyaweka kichwani. Mtoto mchanga ana maji zaidi, kiasi cha asilimia 75 ya uzito wake.

Ukinywa maji yanashuka tumboni. Humo hayakai sana. Yanaingia katika utumbo mwembamba, na hapo ndipo mengi yanapopenya kwenda kwenye damu. Damu inayapeleka kila mahali: kwenye misuli, kwenye ubongo, kwenye ngozi yanakotoka kama jasho. Figo mbili zinachuja damu mchana na usiku. Kwa siku moja figo za mtu mzima huchuja kiasi cha lita 180. Usishangae, maji ni yaleyale yanayozunguka tena na tena. Karibu yote yanarudishwa mwilini, na lita moja na nusu hivi ndiyo hutoka kama mkojo pamoja na taka.

Maji hayo ya mwilini yana chumvi ndani yake, na chumvi hiyo ina kipimo. Ndiyo maana jasho na machozi yana ladha ya chumvi.

Sasa tuone kidudu cha kipindupindu kinavyofanya kazi. Kidudu hiki hakikuli nyama wala hakinywi damu yako. Kikifika kwenye utumbo mwembamba kinatoa sumu, na sumu hiyo inaulazimisha utumbo kumwaga maji na chumvi nje badala ya kuyaingiza ndani. Ni kama bomba lililokatika. Mgonjwa aliyezidiwa anaweza kupoteza hata lita moja kwa saa. Mtoto mwenye kilo 10 akipoteza lita moja tu, yuko katika hatari ya kufa. Lita moja, ndugu zangu, ni ile chupa ya mafuta ya kula.

Tukumbuke hesabu hiyo tunapopima ubaya na uzuri wa dawa. Mezani hapa pana mizani mbili: upande mmoja harufu ya dawa, upande wa pili chupa ya lita moja ya mtoto.

DAWA INATIWA WAPI

Mto Ruvu unaanzia milima ya Uluguru, Morogoro, na unapita mashamba, machungio na vijiji vingi kabla ya kufika Mkoa wa Pwani. Ukiusimamia darajani wakati wa masika utaona maji mekundu kama chai ya maziwa. Hayo ndiyo maji tunayokunywa, lakini hayaji vivi hivi.

Pale Mlandizi, Kibaha, upo mtambo wa Ruvu Juu, uliojengwa mwaka 1959. Mwingine, wa Ruvu Chini, uko upande wa Bagamoyo, na ulijengwa mwaka 1976. Mitambo yote miwili imepanuliwa miaka ya karibuni, na inasimamiwa na DAWASA. Kutoka Mlandizi bomba kubwa linafuata barabara ya Morogoro kuelekea Kibamba na Dar es Salaam. Kisarawe mjini maji hayo yalipandishwa kutoka Kibamba, na mradi ulizinduliwa na Rais John Magufuli mwezi Juni 2020. Kwa hiyo mtu wa Kibaha na mtu wa Kisarawe wenye bomba wanakunywa mto mmoja.

Mtamboni maji yanatiwa kwanza shabu, au dawa nyingine ya jamii ya shabu, ili tope ligandane lizame. Kisha yanapita katika mchanga unaoyachuja. Mwisho yanatiwa klorini. Kwa nini klorini mwisho? Kwa sababu klorini haichagui. Ikikutana na tope na majani inapigana nayo hadi inakwisha, na vidudu vinabaki vinacheka. Ndiyo maana nawaambia watu: dawa ya klorini katika maji machafu ni kazi bure. Safisha kwanza, tibu baadaye.

Klorini nyingine inaachwa kusudi ibaki ndani ya maji, iyasindikize njiani. Bomba linapasuka, watu wengine wanalitoboa (tunawajua), uchafu unaingia. Ile klorini iliyobaki ndiyo mlinzi wa safari. Kwa hiyo ukifungua bomba ukasikia harufu kidogo, mlinzi bado yuko kazini.

KLORINI NA KIDUDU, KLORINI NA WEWE

Hapa ndipo penye jibu la bibi yetu.

Kidudu cha ugonjwa ni kidogo mno. Mwili wake wote ni chembe moja iliyozungukwa na utando mwembamba. Klorini inapenya utando huo, inaunguza vitu vya ndani, na kidudu kinakufa. Hakina ngozi nene, hakina mate, hakina tumbo, hakina damu ya kukisaidia.

Wewe je? Klorini iliyo katika glasi ya maji inakutana kwanza na mate yako, kisha chakula na majimaji ya tumboni. Humo inapigana na vitu hivyo na nguvu yake inakwisha upesi. Inageuka kuwa kitu kingine kiitwacho kloridi. Kloridi ni nini? Ni nusu ya chumvi ya mezani! Chumvi unayotia kwenye mboga imeunganishwa na vitu viwili, sodiamu na kloridi. Tumbo lako lenyewe hutumia kloridi kutengeneza asidi kali ya kuyeyushia chakula, na asidi hiyo ndiyo inayoua vidudu vingi vilivyojipenyeza na ugali. Kloridi iliyozidi inachujwa na figo na kutoka na mkojo. Basi bibi, huko ndiko inakokwenda.

Tuipime. Shirika la Afya Duniani linasema maji yaliyotiwa dawa yawe na klorini iliyobaki kiasi cha nusu miligramu kwa lita, baada ya kusubiri angalau nusu saa. Yakifika kwenye bomba la mwisho isipungue miligramu 0.2. Na isizidi miligramu 5 kwa lita. Mtu akinywa lita mbili za maji yenye nusu miligramu, kwa siku nzima amekunywa klorini miligramu 1. Lakini mtu huyohuyo akila chumvi gramu 5, yaani kijiko cha chai, ambacho ndicho kiwango cha juu kinachoshauriwa kwa siku, amekula kloridi kiasi cha miligramu 3,000. Miligramu moja na miligramu elfu tatu.

Mzee mmoja wa Kibaha aliwahi kunibana hapo. Akasema, "Mwalimu, maji hayohayo nikifugia samaki kwenye beseni, samaki anakufa. Mimi nitaponaje?" Swali la haki. Samaki anakufa kweli. Lakini samaki hanywi maji kama sisi. Anayavuta kwenye matamvua, na hapo damu yake imetenganishwa na maji kwa ngozi nyembamba sana. Klorini inamfikia kabla haijaisha nguvu. Wewe una tumbo linaloimaliza kwanza.

Jambo hilo linaonekana hata hospitalini. Wapo wagonjwa ambao figo zimekufa, na damu yao husafishwa kwa mashine, kama inavyofanyika Muhimbili na hospitali nyingine kubwa. Kila mara mashine inatumia maji kiasi cha lita 120, na maji hayo yanapita karibu kabisa na damu. Kwa wagonjwa hao mafundi huondoa klorini yote na mabaki ya shabu yote kwanza, maana maji ambayo wewe unayanywa salama yangeweza kuwaua. Njia ambayo kitu kinapita kuingia mwilini ni sehemu ya kipimo.

Sitaki kuficha upande wa pili. Klorini ikikutana na uchafu wa majani yaliyooza inaweza kuzaa kemikali nyingine, na wataalamu wanaamini baadhi yake, zikinywewa nyingi kwa miaka mingi, huenda zikaongeza hatari ya saratani. Ndiyo sababu zinawekewa mipaka, na ndiyo sababu nyingine ya kuondoa tope kabla ya kutia dawa. Lakini wataalamu haohao wanasema tusiache kuua vidudu kwa kuogopa hilo. Mimi nakubaliana nao. Hatari ile inahesabiwa kwa miaka. Kuhara kunahesabiwa kwa saa.

HESABU YA KIJIKO CHANGU

Chukua kalamu tufanye hesabu pamoja. Kijiko changu cha mwaka 2016 kilikuwa na unga kiasi cha gramu 15. Unga ule si klorini tupu; kwa kawaida theluthi mbili yake ndiyo klorini. Kwa hiyo nilitia klorini kama gramu 10. Gramu 10 ni miligramu 10,000. Gawanya kwa lita 200 za pipa. Unapata nini?

Miligramu 50 kwa lita moja.

Kikomo ni 5. Mimi nilizidisha mara kumi. Na ukilinganisha na maji ya bomba yenye nusu miligramu, niliwanywesha wenzangu dawa mara mia. Hata kama maji ya dimbwi yalikula sehemu ya dawa ile, iliyobaki ilitosha kuchoma koo. Tumbo linaweza kumaliza nguvu ya klorini kidogo. Ikija nyingi kwa mpigo, inachoma mdomo, koo na tumbo, na mtu anatapika.

Sasa geuza hesabu. Gramu 1 ya klorini, yaani uzito kama wa sehemu ya tano ya kijiko cha chai cha chumvi, inatosha kuacha nusu miligramu katika kila lita ya maji lita 2,000. Hayo ni mapipa kumi! Kitu kidogo namna hiyo hakiwezi kupimwa kwa jicho, wala kwa ulimi, wala kwa kijiko cha mwalimu. Kwa hiyo unga waachieni mabwana afya na watu wa maji wenye vipimo. Wao hutia dawa ya kupimia katika maji kidogo, maji yanageuka rangi ya waridi, na rangi hiyo wanailinganisha na kadi. Sisi wa nyumbani tutumie vidonge, kwa sababu kidonge kimepimwa tayari kiwandani.

ETI INAZUIA UZAZI

Uvumi huu tusiucheke. Mtu aliyechomwa koo na dawa asiyoelezwa ana haki ya kushuku. Kosa lilikuwa langu kutosema ninachotia na kwa nini.

Dawa za uzazi wa mpango ni kitu kingine kabisa. Zinafanana na vichocheo ambavyo mwili wa mwanamke unatengeneza, zinapimwa kwa mtu mmoja mmoja, na mwenyewe anapewa kwa hiari yake kliniki. Klorini haina undugu nazo. Haigusi kizazi, wala haifiki huko ikiwa klorini, kama tulivyoona. Na tuangalie kwa macho yetu. Dar es Salaam imekunywa maji ya Mlandizi yenye dawa tangu mwaka 1959. Sensa ya mwaka 2022 ilikuta mkoa huo una watu zaidi ya milioni 5. Kama dawa ile inazuia uzazi, basi haijui kazi yake. Njoo Kibaha mchana shule zinapofungwa uone watoto walivyojaa barabarani.

Lakini uvumi unaweza kuua. Wenzetu wa kaskazini ya Msumbiji, ng'ambo ya Ruvuma, walipatwa na kipindupindu mara kadhaa tangu mwishoni mwa miaka ya 1990. Wahudumu walikwenda kutia klorini visimani. Kwa Kireno klorini huitwa "cloro" na kipindupindu huitwa "cólera". Kwa sikio la mtu asiyekijua Kireno maneno hayo yanakaribiana. Watu walioona wagonjwa wanaongezeka na wageni wanamwaga unga kisimani waliamini kwamba unga ndio unaoleta ugonjwa. Wahudumu walishambuliwa, na mwaka 2009 wengine waliuawa, wakiwamo watu wa kujitolea wa Msalaba Mwekundu. Walikuwa wameleta dawa. Maelezo hayakuwafikia watu.

SHABU NA MLONGE

Vijiji vyetu vingi vya Kisarawe bado vinategemea visima na madimbwi. Huko kwetu kwenye vilima vya Pugu na Kisarawe kuna udongo mweupe laini sana, ule wa kutengenezea vyombo vya kaure. Ukiingia majini hautulii. Ukiyaacha maji usiku kucha, asubuhi bado ni kama tui. Ndipo shabu inaposaidia. Chembe za udongo zinasukumana zisishikane, na shabu inaondoa ule ukinzani, basi zinagandana, zinakuwa nzito, zinazama. Mbegu za mlonge zilizokomaa, zikimenywa na kutwangwa, nazo hufanya kazi hiyohiyo. Mlonge unaota kwetu pwani, na haununuliwi.

Mwilini shabu inafanyaje? Ina madini ya alumini. Sehemu kubwa huzama pamoja na tope, ndiyo maana yale masimbi ya chini yamwagwe, yasikorogwe tena. Kidogo kinachonywewa, utumbo hukipokea kwa shida. Kingi hutoka na choo. Kinachoingia kwenye damu hutolewa na figo zenye afya. Shabu ikizidi utaijua: ulimi unakakamaa kama umekula ndizi mbichi.

Lakini shabu haiui. Inapunguza vidudu kwa kuzama navyo, haivimalizi. Maji yaliyong'aa si lazima yawe salama. Hapa watu wengi hukosea, hata waliosoma.

VITU VISIVYOTIWA NA MTU

Mwanakisomo mmoja aliniuliza kwa nini shemeji yake aliyekulia Arusha ana meno ya kahawia, na kama ni dawa ya bomba. Hapana. Hiyo ni floridi, na hakuna aliyeitia. Imo katika miamba ya volkano ya kaskazini, nayo inayeyuka majini. Ajabu ni kwamba floridi kidogo inaimarisha meno. Marekani walianza kuitia katika maji ya bomba mwaka 1945. Ikizidi miligramu 1.5 kwa lita, meno ya watoto ambayo bado yanajijenga yanaanza kupata madoa, na ikiwa nyingi sana kwa miaka mingi mifupa inapinda na kukakamaa. Kuchemsha hakuiondoi. Huko Ngurdoto, mkoani Arusha, watafiti wametumia mkaa wa mifupa ya ng'ombe kuichuja.

Kwetu Pwani jambo la kuangalia zaidi ni kisima kilicho karibu na choo au zizi. Mbali na vidudu, hapo huingia naitreti, inayotokana na kinyesi na mbolea. Mtoto wa chini ya miezi sita akikorogewa maziwa kwa maji yenye naitreti nyingi, damu yake inashindwa kubeba hewa, na midomo inakuwa ya bluu. Nayo haiondoki kwa kuchemsha. Maji yakipungua sufuriani ndiyo inazidi kukolea. Mtoto wa umri huo anyonye tu maziwa ya mama.

NDOO YA NYUMBANI

Kama maji yana tope, yatulize kwanza na kuyachuja kwa kitambaa safi. Kisha tia kidonge. Vidonge vinavyouzwa havina ukubwa mmoja: vipo vya lita 20, vipo vya ndoo ndogo. Soma karatasi yake, wewe unajua kusoma sasa. Subiri nusu saa kamili kabla ya kunywa. Klorini inahitaji muda wa kuua. Mayai ya minyoo hayafi kirahisi kwa klorini, kwa hiyo kuchuja kuna faida yake. Anayechemsha na achemshe hadi maji yatokote, lakini ajue maji yaliyochemshwa hayana mlinzi. Kikombe kichafu kikizama mara moja, kazi imeharibika.

Kama harufu inakusumbua, yaweke katika mtungi uliofunikwa hadi kesho; itapungua. Usisahau kwamba na mlinzi naye anapungua, basi tumia kata yenye mpini.

Dawa ya kufulia nguo nyeupe nayo ni ya jamii ya klorini, lakini nyingine zina manukato na vitu vingine visivyofaa kunywewa. Usiitumie kwa maji ya kunywa. Usiichanganye kamwe na limau, siki au dawa ya chooni yenye asidi, wala usiimwage palipo na mkojo mwingi. Inatoa hewa ya sumu inayochoma mapafu, na katika choo kidogo kilichofungwa mtu anaweza kufa.

Na mtoto akiharisha, tengeneza maji ya chumvi na sukari: maji safi lita moja, vijiko vya chai sita vya sukari, nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vikiwa vimesawazishwa juu. Sukari haikutiwa kwa ajili ya utamu. Katika ukuta wa utumbo, sukari na chumvi huingia pamoja kupitia mlango mmoja, na maji hufuata nyuma. Mlango huo unabaki wazi hata sumu ya kipindupindu ikiwamo. Katika kambi za wakimbizi wa Bangladesh, mwaka 1971, ujuzi huo uliokoa maelfu ya watu dripu zilipokuwa zimekwisha. Lakini chumvi ikizidi inamdhuru mtoto ubongo. Onja: yasizidi chumvi ya machozi. Kisha mpeleke zahanati huku ukiendelea kumnywesha, na mama aendelee kunyonyesha.

Juzi nilirudi kwa bibi yule na kidonge kimoja mkononi. Nilimpa karatasi yake aisome yeye, mbele ya darasa, kwa sauti. Alisoma polepole, akakwama kwenye neno moja, akalirudia. Kisha yeye ndiye aliyekitia ndooni, mimi nikashika saa. Nusu saa ilipotimia alichota, akanusa, akakunja uso, akanywa. Akasema, "Bado yananuka, Mwalimu." Nikamwambia ndiyo, bibi, yananuka.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KIKUNDINI

1. Maji ya kijiji chenu yanatoka wapi? Yanapita wapi kabla ya kufika ndooni, na uchafu unaweza kuingilia wapi?

2. Pipa lina maji safi lita 200. Kidonge kimoja ni cha lita 20. Vinahitajika vidonge vingapi? Kama kila kidonge ni shilingi 50, pipa zima litagharimu kiasi gani? Kisha ulizeni bei ya kweli dukani kwenu mfanye hesabu upya.

3. Jirani yako anaamini kwamba dawa ya maji inazuia uzazi. Mmoja wenu awe jirani huyo, mwingine amweleze bila kumcheka wala kumtisha. Wengine wasikilize, kisha waseme ni neno gani lilimfanya jirani asikilize, na ni neno gani lilimkasirisha.

(Jibu la swali la 2: vidonge 10; shilingi 500.)